Gego limemeguka upande mmoja: ning'oe, nivike kofia, au niweke onlei?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38. Nilizaliwa na kukulia Maji ya Chai, sasa naishi Usa River na familia yangu. Nakuandikia kuhusu jino ambalo limegeuka ugomvi nyumbani.

Ni gego la chini kulia, la kwanza katika yale makubwa. Lilizibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha nilipokuwa kidato cha kwanza, likakaa miaka mingi bila kunisumbua. Baadaye kizibo kikaanza kuachia pembeni. Nikazibwa upya kwa dawa nyeupe, ikatoka, nikazibwa tena. Mwezi uliopita nilikuwa nakula makande, nikasikia kitu kimekatika mdomoni. Nikadhani ni kijiwe. Kutema, kumbe ni kipande cha jino langu mwenyewe, cha upande wa ulimi.

Tangu siku hiyo maji baridi yakiligusa nashtuka, ila maumivu yanaisha mara moja. Nikiuma kitu kigumu sipati shida sana, lakini nikiachia ndipo linachoma. Usiku nalala vizuri. Halijavimba.

Nimeenda kliniki mbili Arusha mjini. Ya kwanza waliniambia jino lisagwe lote livikwe kofia, na kwa usalama lifanyiwe kwanza tiba ya mzizi, yaani litolewe mshipa wa ndani. Ya pili nilimkuta daktari kijana, akapiga eksirei, akaligonga taratibu, akaligusa na pamba yenye baridi, kisha akasema mshipa bado uko hai na sehemu kubwa ya jino bado ni nzima. Akashauri onlei, kipande kinachotengenezwa maabara na kugandishwa juu ya jino. Neno hilo sijawahi kulisikia. Bei ni shilingi 600,000, wakati kuziba tena ni 70,000 na kung'oa ni chini ya hapo.

Baba watoto anasema jino la nyuma halionekani, nikaling'oe, hela iende kwenye ada. Mama mkwe naye ananiambia amebakiwa na meno machache na nyama anakula. Wote nawaheshimu. Lakini chini kushoto nilishang'olewa magego mawili nikiwa chuo, na kulia, nyuma ya hili linalosumbua, nako lilishatoka moja. Huku chini gego kubwa limebaki hili hili.

Je, hiyo onlei ni tiba ya kweli au ni biashara? Itadumu? Meno yangu yana ukahawia kwa sababu ya maji ya kwetu, na daktari wa kwanza alisema gundi haishiki meno ya namna hiyo. Na ile dawa ya fedha, ambayo nasikia ina zebaki, ndiyo iliyolivunja? Mwanangu wa mwisho ameanza darasa la kwanza mwaka huu, kwa hiyo kila shilingi naihesabu. Nisaidie.

Mwalimu, Usa River

*

Marahaba, mwalimu. Pole na usumbufu.

Nikupe kwanza jibu unalolisubiri. Kwa hayo uliyoyaeleza, usiling'oe, na usikubali tiba ya mzizi ya "kwa usalama". Daktari wa pili amekupima inavyotakiwa na ushauri wake ni mzuri. Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla hujalipa, nitalifikia.

Tuanze na maumivu, kwa sababu ndiyo yanayoamua mengi. Baridi inayokushtua na kuisha papo hapo huonyesha kuwa mshipa ndani ya jino umekereka lakini haujafa. Mshipa ulioharibika kabisa hujitangaza: baridi au moto ukiugusa maumivu hubaki dakika nzima au zaidi, jino huanza kuuma lenyewe bila kuguswa, na hukuamsha usiku. Wewe unalala. Huo ndio msingi wa kukataa tiba ya mzizi kwa sasa. Tiba hiyo huokoa jino ambalo mshipa wake umekufa au unakufa, na hapo haina mbadala ila kung'oa. Kwa jino lililo hai ni gharama ya ziada, na inazidi kulichimba jino lililokwisha punguka.

Kuchoma unapoachia baada ya kuuma ni dalili nyingine, nayo isipuuzwe. Mara nyingi inamaanisha ufa. Unapouma, sehemu mbili za jino huachana kidogo. Unapoachia, zinarudi na kukereketa ndani. Magego yaliyozibwa tundu kubwa huwa hivi. Ile dawa ya fedha, amalgamu, hukaa kwenye tundu kwa kubanwa tu, haishikamani na jino. Kuta zinazoizunguka hubaki zikijipinda kidogo kila unapotafuna, na gego hubeba nguvu ya makumi ya kilo. Baada ya miaka mingi ukuta mmoja huchoka. Kwenye magego ya chini, ule wa upande wa ulimi ndio huvunjika mara nyingi, kama ilivyokutokea.

Kwa hiyo zebaki haikulivunja jino lako. Ni kweli amalgamu ina zebaki karibu nusu ya uzito wake, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 zilikubaliana kupunguza matumizi yake. Mwaka 2022 ziliongeza kwamba isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Lakini kizibo cha zamani kilicho kizima hakina haja ya kufukuliwa kwa woga. Kilichokuponza ni ukubwa wa tundu na umri wa kazi.

Sasa hiyo onlei. Jino likiwa na tundu dogo katikati, kuziba kunatosha. Tundu likiwa kubwa na ukuta mmoja au miwili imeondoka, dawa mpya hubaki imeegemea kuta dhaifu, na ndiyo maana zako zimekuwa zikitoka. Mafundi wa nyumba wanalijua jambo hili vizuri: ukuta wenye nyufa hauzibwi udongo tu, unafungwa lenta juu ili kuta zote zibebe mzigo pamoja. Onlei hufanya kazi hiyo. Hujaza tundu, hupanda juu ya vile vilele vya gego vilivyodhoofika, na kuvifunika ili unapouma nguvu isivisukume kwenda nje. Kipande kinachokaa ndani ya tundu bila kupanda juu ya kilele chochote huitwa inlei, na kwa jino lako hicho hakitoshi. Kofia nayo hufunika jino lote mpaka karibu na fizi, na ili ipite, jino lazima lisagwe pande zote, hata zile ambazo ni nzima.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Mwaka 2002 watafiti Edelhoff na Sorensen walichapisha vipimo vya meno yaliyopimwa uzito kabla na baada ya kusagwa. Kofia kamili kwenye meno ya nyuma iliondoa takribani asilimia 67 hadi 76 ya sehemu ya jino iliyo juu ya fizi. Inlei na onlei ziliondoa kidogo kuliko hapo, kwa mbali. Jino likishasagwa halikui tena. Baadhi ya meno yaliyosagwa kwa ajili ya kofia, yakiwa hai siku hiyo, mshipa wake hufa miaka ya baadaye. Sisemi kofia ni tiba mbaya. Gego lililobaki kisiki linaihitaji. Lako bado lina kuta tatu, na kuzisaga ni kupoteza mali uliyo nayo.

Onlei si biashara mpya pia. Tangu 1907, Mmarekani William Taggart alipoonyesha namna ya kumimina dhahabu ili ikae sawasawa ndani ya jino, vipande vya aina hii vimekuwa vikitumika, na mpaka leo dhahabu ni miongoni mwa zinazodumu sana. Kilichobadilisha mambo ni gundi. Mwaka 1955 Michael Buonocore aligundua kuwa asidi ya fosforiki ikipakwa kwenye gamba gumu la jino kwa muda mfupi hulikwaruza kiasi kwamba plastiki inashika. Kutoka hapo madaktari wakaweza kugandisha kauri nyembamba kwenye jino bila kulisaga sana ili lishikilie. Pale Zurich, mwaka 1985, Werner Mörmann na Marco Brandestini walifika hatua ya kuchonga kauri kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, mgonjwa akiwa bado kwenye kiti. Kliniki nyingi kwetu hazina mashine hiyo, na si kitu. Maabara nzuri inatosha.

Kuhusu kudumu: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta kwamba katika inlei na onlei za kauri, asilimia 92 hadi 95 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 5, na asilimia 91 baada ya miaka 10. Zilizowekwa kwenye meno yaliyo hai zilifeli mara chache kuliko zile za meno yaliyotolewa mshipa. Hiyo ni sababu nyingine ya kulinda mshipa wako.

Nije kwa baba watoto na mama. Mama hajasema uongo, na nisingependa umbishie. Mtu anaweza kula vizuri bila meno yote. Tena utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, wa Sarita na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watu waliopoteza magego kadhaa walitafuna vya kutosha ikiwa magego yao madogo yote yapo na wamebakiwa na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, la juu na la chini. Mwonyeshe baba watoto sentensi hiyo. Kisha mhesabu pamoja mdomoni mwako. Chini kushoto hakuna gego kubwa. Chini kulia limebaki moja. Jozi yako ya mwisho ndiyo hii anayotaka iondoke.

Na ikiondoka, kuirudisha si rahisi. Daraja la kawaida, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, huhitaji jino mbele na jino nyuma ya pengo, na wewe nyuma huna. Itabaki meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo kwa pengo la mwisho wa taya watu wengi huishia kuyaweka kwenye kabati, au pandikizi la kuchimbiwa kwenye mfupa, ambalo bei yake inaizidi onlei kwa mbali. Gego la juu nalo likikosa mwenzake huanza kushuka taratibu. Mkipiga hesabu hiyo nzima, kung'oa hakutakuwa tena ndiyo tiba ya bei nafuu.

Lile jambo la kuhakikisha ni ufa. Eksirei mara nyingi haionyeshi ufa. Mwombe daktari akishakupiga ganzi atoe kizibo chote cha zamani, asafishe, aangalie kwa mwanga mzuri ufa umeishia wapi, kabla hajachukua kipimo cha maabara. Ukiwa umeishia kwenye ukuta uliovunjika, endeleeni. Ukiwa umevuka sakafu ya jino kuelekea kwenye mizizi, onlei haitaliokoa, na ni bora ujue siku hiyo kuliko baada ya kulipa 600,000. Akiwa na shaka, anaweza kulifunika kwa muda na dawa nyeupe mpaka juu ya vilele, utafunie wiki chache. Kuchoma kukiisha, ishara ni njema. Mwulize pia kama ukingo wa jino uko juu ya fizi na anaweza kulitenga likae kavu. Gundi hizi haziwezi mate wala damu. Daktari anayefunga kitambaa cha mpira kuzunguka jino kabla ya kugandisha anajua anachokifanya.

Swali la ukahawia ni zuri, na daktari wa kwanza hakulitunga. Maji ya ukanda wenu chini ya Meru yana floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga, gamba la nje hutoka na hitilafu. Gamba la namna hiyo ni gumu kukwaruzwa na asidi, na likiathirika sana huwa na vitundu na hupukutika, kwa hiyo gundi inaweza kushika hafifu. Tiba yake ni ya kawaida: daktari huondoa tabaka jembamba la juu pale pembezoni, na kuongeza muda wa asidi. Yanayomegeka yenyewe ndiyo yenye shida kweli. Ukahawia peke yake haukuzuii kupata onlei. Mwambie tu daktari ulikulia wapi. Akiwa wa Arusha, ataelewa kabla hujamaliza.

Kazi yenyewe huchukua mahudhurio mawili. La kwanza ni ganzi, kusafisha, kuchonga na kuchukua chapa ya meno, halafu unaondoka na kizibo cha muda wakati maabara inatengeneza. Kizibo hicho ni dhaifu. Usilitafunie ubani wala vitu vya kunata, na kikitoka rudi haraka, usisubiri tarehe, maana jino la juu na la jirani husogea na kipande kikija hakitakaa. Hudhurio la pili onlei hujaribiwa, hugandishwa kwa mwanga wa buluu, kisha unauma ile karatasi ya rangi ili paonekane pale panapogusa sana. Hapo usione haya. Ukihisi jino liko juu hata kidogo, sema, litengenezwe kabla hujashuka kwenye kiti. Kauri iliyo juu kidogo hupasuka.

Kwa upande wa malighafi, kwako ningechagua kauri yenye lithiamu disiliketi. Ni imara na inashika gundi vizuri. Zirkonia ni ngumu zaidi, ila gundi huishika kwa taabu, na hiyo hupenda kofia kuliko onlei. Kama unasaga meno usiku, muulize baba watoto, yeye ndiye atakuwa anasikia. Ikiwa ndivyo utahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa ukilala. Na meno yasifungue soda tena, hata ya upande mwingine.

Hela isipopatikana mwezi huu, usikae na jino wazi ukisubiri. Kuna njia ya katikati ambayo madaktari wengi husahau kuitaja: dawa nyeupe ya kuziba, yaani kompositi, ijengwe siku hiyo hiyo mpaka ifunike vilele dhaifu, badala ya kujaza tundu tu. Bei yake hukaribia ya kuziba, labda ikaongezeka kwa sababu ya muda. Husagika mapema kuliko kauri na itahitaji marekebisho, lakini inazifunga kuta, na baadaye unaweza kuja kuweka onlei juu ya msingi huo huo. Mwambie daktari kijana: "Nifunikie vilele kwa kompositi kwa sasa, onlei nitaifanya nikijipanga." Akikuelewa na kukubali bila kukukasirikia, huyo shikamana naye. Na kama una bima, ulizia maandishi ya kile inachokilipia kabla ya siku ya matibabu, kwa sababu kuziba na onlei mara nyingi havihesabiwi sawa.

Mwisho, mwanao wa darasa la kwanza. Jino linalokutesa huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulidhania la utoto, wakaliacha lioze wakisubiri litoke. Halitoki. Mfungue mdomo leo jioni kwenye mwanga. Ukiliona limeota, nenda naye siku utakayokwenda wewe, uombe mifereji ya juu ya gego izibwe kabla haijatoboka. Haina ganzi wala sindano na bei yake ni ndogo. Kwa kuwa mnaishi Usa River, maji yake ya kunywa na ya kupikia yawe ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ule ambao kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi majini kimekuwa kikiufanyia kazi kwa miaka mingi, angalau mpaka afikishe miaka 8. Dawa ya meno yenye floraidi aendelee nayo asubuhi na usiku, kiasi cha punje ya njegere, ateme bila kusukutua sana.